Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha ya Askari wa Uingereza Nchini China, 1919–1941

Wasomaji wengi wanaijua habari ya Vita vya Kasumba na habari ya kuanguka kwa Hong Kong mwaka 1941, lakini miaka ya katikati huwa giza kwao. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi mara nyingi. Majina ya miji yameandikwa kama yanavyoandikwa leo: Tianjin na Guangzhou, si Tientsin na Canton.

China haikuwa koloni la Uingereza. Askari wake walikaa huko kwa haki gani?

Jibu linategemea mji unaozungumziwa, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Hong Kong ilikuwa koloni kamili: kisiwa kilichukuliwa mwaka 1842, Kowloon mwaka 1860, na eneo la nyuma yake likakodishwa mwaka 1898 kwa miaka 99. Huko jeshi la Uingereza lilikaa kama lilivyokaa katika makoloni yake mengine, Malta au Gibraltar.

Beijing na Tianjin zilikuwa na habari nyingine kabisa. Baada ya uasi wa Mabondia, Wachina waliowashambulia wageni, kuzimwa, mataifa ya nje yaliilazimisha serikali ya China kutia saini mkataba wa Septemba 7, 1901, ambao, pamoja na fidia nzito, uliyapa haki ya kuweka walinzi katika mtaa wa balozi mjini Beijing na askari katika vituo 12 vya reli kati ya mji huo na bahari. Kwa mkataba huo Waingereza waliweka kikosi Tianjin, kombania ya walinzi Beijing, na kambi ya mazoezi Shanhaiguan, pale Ukuta Mkuu unapoishia baharini. Shanghai nayo iliingia orodhani kwa ukubwa mwaka 1927, kwa sababu zinazoelezwa mbele.

Jambo hili linafaa kukumbukwa: Wafaransa, Waitalia, Wamarekani na Wajapani walikaa kaskazini mwa China kwa mkataba huohuo. Askari wa Kijapani waliorushiana risasi na Wachina karibu na daraja la Lugou usiku wa Julai 7, 1937, na kuwasha vita vilivyodumu miaka minane, walikuwa wa jeshi lililowekwa nchini kwa karatasi ileile iliyompa Mwingereza kambi yake Tianjin.

Walikuwa wangapi?

Idadi ilipanda na kushuka. Kaskazini, kwa kawaida, palikuwa na batalioni moja tu, yaani watu mia kadhaa, na sehemu yake moja ikilinda ubalozi Beijing. Hong Kong ilikuwa na batalioni chache pamoja na wapiga mizinga na wahandisi. Mwaka 1927 peke yake ndio uliovuka mipaka, pale zaidi ya askari 10,000 walipopelekwa Shanghai.

Ni nini kilichotokea mwaka 1927?

Inabidi kuanzia miaka miwili nyuma. Mei 30, 1925, polisi wa Makazi ya Kimataifa ya Shanghai, sehemu ya mji iliyotawaliwa na wageni, wakiwa chini ya afisa Mwingereza, waliwafyatulia risasi waandamanaji katika barabara ya Nanking na kuua watu kadhaa. Wiki chache baadaye, Juni 23, waandamanaji zaidi ya 50 waliuawa Guangzhou mbele ya kisiwa cha Shamian, ambako wageni waliishi. Hasira ilienea nchi nzima, na wafanyakazi wa Hong Kong wakagoma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Jeshi la Chama cha Kitaifa likiongozwa na Chiang Kai-shek lilipoanza kupanda kaskazini mwaka 1926, Waingereza walijua kwamba zamu ya maeneo yao, yaani sehemu za miji ya China walizozitawala, inakuja.

Mwanzoni mwa Januari 1927 umati uliingia katika eneo la Waingereza la Hankou, wanamaji wachache waliokuwepo wakaondolewa ili damu isimwagike, na mwezi wa Februari London ikakubali kwa maandishi kulirudisha eneo hilo. Lakini Shanghai ilikuwa na mabenki, viwanda, gati na maelfu ya raia wa Uingereza, na serikali haikuwa tayari kuiachia. Ndipo kikaundwa kikosi maalumu cha ulinzi wa Shanghai chini ya Meja Jenerali John Duncan, kikikusanywa kutoka Uingereza, bahari ya Mediterania na India. Askari hao walizungushia Makazi ya Kimataifa seng'enge na mifuko ya mchanga, wakasubiri. Majeshi ya Kitaifa yaliingia sehemu ya Wachina ya mji mwezi Machi, na vita iliyoogopwa haikuja. Mauaji yalikuja kwa upande mwingine: Aprili 12 Chiang aliwageukia wakomunisti na vyama vya wafanyakazi waliomfungulia mji, na wengi wakauawa umbali mfupi tu kutoka kwenye vizuizi vya Waingereza.

Safari ya kwenda China ilikuwaje?

Ilikuwa ndefu. Meli ya jeshi iliondoka Southampton, ikapita Gibraltar, Malta, Port Said, mfereji wa Suez na Aden, kisha Colombo na Singapore kabla ya kufika Hong Kong. Askari alilala kwenye bembea ya turubai sitaha ya chini, bembea kwa bembea, na alfajiri aliikunja ili mahali palepale pawe pa kulia chakula. Kwa vijana waliotoka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Durham au viwanda vya Lancashire, wengi wakiwa wameingia jeshini kwa kukosa kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona bahari ya joto. Askari wa miguu kwa kawaida alijiandikisha kwa miaka saba ya utumishi na mitano ya akiba, hivyo sehemu kubwa ya ujana wake ingeweza kuishia ng'ambo.

Walilala wapi?

Hong Kong ilikuwa na kambi za mawe za tangu karne ya 19, kama Murray na Victoria, zenye varanda ndefu za kupisha upepo; miaka ya 1920 ikaongezwa kambi ya Sham Shui Po upande wa Kowloon. Tianjin kikosi kilikuwa na majengo ya kudumu. Shanghai ya mwaka 1927 haikuwa na kambi ya kuwatosha wote, kwa hiyo askari waliwekwa popote palipokuwa na paa: katika nyumba tupu, katika vibanda vya mianzi na mikeka vilivyosimamishwa haraka na mafundi wa Kichina, na katika magodauni ya kandokando ya mto. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Lilisafiri na biashara ya Bahari ya Hindi likafika kwetu na kwao.

Ni kweli kwamba hata askari wa cheo cha chini alikuwa na mtumishi?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hili ndilo swali linalofungua mengine yote.

Tazama asubuhi moja katika bweni la Tianjin au Hong Kong. Tarumbeta bado halijalia. Kinyozi wa Kichina anapita kitanda kwa kitanda, ana taa, bakuli la maji ya moto na wembe, na anamnyoa ndevu askari aliye bado usingizini, akimgeuza shavu kwa vidole viwili bila kumwamsha. Nyuma yake anakuja mtumishi wa chumba kuchukua buti zilizotupwa chini jana usiku. Atakapozirudisha zitakuwa zinang'aa, na vifungo vya shaba na bizimu la mkanda vitakuwa vimesuguliwa. Kitanda kitatandikwa na mtu mwingine. Nguo zitakwenda kwa dobi, ambaye nasi tunamwita kwa jina hilohilo. Kifungo kikikatika, mwanamke mshonaji amekaa kwenye varanda na kikapu chake cha nyuzi.

Askari wa chumba kizima walichanga sarafu chache kila wiki kulipia haya yote. Nyumbani Uingereza kijana huyohuyo angesugua sakafu kwa magoti na kumenya viazi kwa adhabu. Hapa, kwa mshahara uleule, alipanda ghafla akawa bwana wa watu, na watu hao mara nyingi walikuwa na umri wa baba yake. Wengi waliwaita kwa neno la "kijana" hata kama walikuwa na mvi. Kumbukumbu za askari zinawataja watumishi hawa kwa upendo, na sina shaka kwamba upendo ulikuwepo; lakini ni nadra sana kumbukumbu hizo kuandika jina kamili la hata mmoja wao, alikotoka, au alikuwa na watoto wangapi. Kikosi kilipohama, kingine kilirithi watumishi walewale, kama walivyorithi meza na vitanda.

Baada ya kunyolewa, askari alifanya nini mchana kutwa?

Mazoezi ya viungo, kwata, ukaguzi wa silaha, mafunzo ya bunduki, zamu ya lindo. Majira ya joto kazi ilianza mapema na kwa kawaida ilikwisha kabla ya jua kuwa kali. Kombania zilipokezana kwenda Shanhaiguan kwa treni kupiga shabaha, na kwa askari wengi wiki hizo za mahema karibu na bahari zilikuwa bora kuliko mwaka mzima wa mjini.

Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuonekana. Beijing, walinzi wa mataifa mbalimbali walikaa kuta kwa kuta, kila mmoja akimpima mwenzake kwa unadhifu wa gwaride lake. Tianjin, Waingereza walikuwa majirani wa kikosi cha 15 cha askari wa miguu cha Marekani, kilichokaa huko tangu 1912 hadi 1938, na bendi za muziki, ndondi na mbio vilikuwa uwanja wa mashindano yasiyokwisha. Kikosi cha watu mia chache kisingeweza kuizuia China yenye hasira wala Japani yenye njaa ya ardhi, na makamanda walilijua hilo. Kilichokuwa kikilindwa kwa buti zinazong'aa ni heshima, na heshima ilihitaji watazamaji.

Mshahara ulitosha?

Tangu mwaka 1925 askari mpya alianza na shilingi mbili kwa siku, kabla ya makato. Uingereza hizo zilikuwa fedha za taabu. China ilitumia dola za fedha, na bei ya fedha duniani ilipoporomoka kati ya 1929 na 1932, shilingi ya askari ilinunua dola nyingi kuliko awali, akala, akanywa na kupanda riksho kwa bei ambayo baba yake asingeiamini. Mvuta riksho, aliyelipwa kwa dola hizohizo zilizokuwa zikishuka thamani, hakupata faida hiyo.

Hali ya hewa iliwaathiri vipi?

Tianjin ina majira matatu makali. Wakati wa baridi mto Hai huganda, na mlinzi wa usiku alisimama lindo akiwa na kofia ya manyoya na koti la ngozi ya kondoo, majira ya kuchipua huja na dhoruba za vumbi kutoka jangwani, vumbi linaloingia kwenye chakula na kwenye mtutu wa bunduki, kisha joto. Hong Kong na Shanghai ziliua kwa njia nyingine, kwa unyevu, kuhara damu na kipindupindu, na Hong Kong ikiwa na malaria tele kwenye mabonde ya eneo la nyuma. Maji yalichemshwa, na askari walikatazwa mboga mbichi. Magonjwa ya zinaa yaliwapeleka wengi hospitalini, na maafisa waliyapigania kwa mihadhara, ukaguzi na adhabu bila mafanikio makubwa.

Jioni walikwenda wapi?

Wengi walikwenda kantini, kwenye bia na karata. Mjini kulikuwa na sinema, vyumba vya chai vya wamisionari, na Shanghai kulikuwa na uchochoro wa mabaa katika eneo la Wafaransa, Rue Chu Pao-san, ambao mabaharia na askari waliupa jina la Uchochoro wa Damu kwa sababu ya ngumi zilizopigwa humo kati ya Waingereza, Wamarekani na Waitalia. Maafisa walikuwa na dunia yao: polo, mbio za farasi wadogo wa Kimongolia, na klabu ambazo askari wa kawaida asingekanyaga mlango wake.

Michezo iliziba pengo kidogo. Tianjin ilikuwa na uwanja wa Minyuan, ambao Eric Liddell, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 wa mwaka 1924, mzaliwa wa mji huo aliyerudi kufundisha shule, alishauri juu ya ujenzi wake.

Waliruhusiwa kuoa?

Kwa ruhusa tu. Askari aliyeoa bila kibali cha kamanda, au kabla ya umri uliowekwa, hakupewa posho ya mke wala nyumba. Suala hili liliwaka zaidi Shanghai na Tianjin kwa sababu ya wakimbizi wa Kirusi waliokimbia mapinduzi ya 1917. Walikuwa watu wasio na pasipoti, na wasichana wengi wa familia hizo walipata riziki katika kumbi za dansi, ambako mteja alinunua tiketi kwa kila wimbo. Askari walipendana nao, wakaomba kibali, na mara nyingi jibu likawa ni kuhamishwa. Kwa mwanamke wa Kichina kibali kilikuwa kigumu zaidi.

Ubaguzi huu ulijionyesha wazi Julai 1940, serikali ya Hong Kong ilipoamuru wanawake na watoto wa Kiingereza wahamishiwe Australia kupitia Manila. Waliohesabiwa ni wenye asili ya Ulaya; wake wa Kichina na wa damu mchanganyiko waliachwa nyuma, ingawa waume zao walivaa sare moja.

Uhusiano wao na Wachina wa kawaida ulikuwaje?

Mfinyu. Wachache walijifunza Kichina. Wengi waliridhika na lugha ya bandarini, ambayo ilikuwa na maneno ya Kiingereza juu ya mpangilio wa Kichina, inayotosha kwa bei na amri. Bustani ya umma ya Shanghai iliyo kando ya mto haikuwaruhusu Wachina kuingia hadi mwaka 1928, isipokuwa mayaya waliofuatana na watoto wa Kizungu. Askari hakuitunga sheria hiyo, lakini aliikuta, akaizoea, na baada ya mwaka mmoja haikumshangaza tena.

Je, kulikuwa na askari wasio Wazungu katika jeshi hilo?

Ndiyo. Vikosi vya India vilikuwa sehemu ya ngome ya Hong Kong wakati wote, na brigedi ya Wahindi ilipelekwa Shanghai mwaka 1927. Chama cha Congress nchini India kilipinga hadharani vijana wao kutumiwa kuwazuia Wachina wasirudishiwe nchi yao. Polisi wa Kisikh, wenye vilemba vyekundu kwenye njia panda za Shanghai, hawakuwa wanajeshi, ila mara nyingi wao ndio waliokuwa sura ya Uingereza aliyoiona Mchina wa mtaani.

Waliwahi kupigana?

Kati ya vita kuu mbili, katika miji hii, kazi yao hasa ilikuwa kutazama wengine wakipigana. Mwaka 1932 Wajapani waliishambulia Zhabei, sehemu ya Wachina ya Shanghai, huku Waingereza wakilinda mstari wa Makazi ya Kimataifa. Agosti 1937 mambo yalikuwa makubwa zaidi. Vikosi vya Royal Welch Fusiliers na Royal Ulster Rifles vililetwa kuongeza nguvu, na kwa karibu miezi mitatu vilikaa nyuma ya mifuko ya mchanga huku jeshi la China likisagwa mbele ya macho yao. Mwezi Oktoba baadhi ya askari wa Royal Ulster Rifles waliuawa kwa risasi za ndege na makombora ya Kijapani, ingawa nchi yao haikuwa vitani.

Mwishoni mwa mwezi huo kiasi cha askari 400 wa China chini ya Luteni Kanali Xie Jinyuan walijifungia katika godauni la Sihang, ukingoni mwa kijito cha Suzhou, wakapigana kwa siku kadhaa huku maelfu ya wakazi wakiwashangilia kutoka ng'ambo, ndani ya Makazi ya Kimataifa. Mlinzi wa Kiingereza aliona kila kitu kwa upana wa kijito tu, bunduki mkononi, amri ikiwa ni kutofyatua. Kamanda wa Waingereza, Telfer-Smollett, alisaidia kupanga njia ya Wachina kutoka. Walivuka usiku, wakanyang'anywa silaha na kuwekwa kizuizini na wale waliowaokoa.

Tianjin ilizingirwa kwa sababu gani mwaka 1939?

Aprili 1939 Mchina mmoja aliyefanya kazi katika benki iliyoundwa na Wajapani aliuawa ndani ya eneo la Waingereza. Wajapani walidai wapewe watuhumiwa wanne, Waingereza wakasita, na Juni 14 eneo lote likafungwa kwa vizuizi na seng'enge. Raia wa Uingereza walivuliwa nguo hadharani ili wapekuliwe. Batalioni ya kwanza ya Durham Light Infantry ilikuwa mjini, na haikuweza kufanya lolote, kwa kuwa risasi moja ingeleta vita ambayo London haikuiweza wakati Hitler yuko mlangoni. Mwezi Agosti mafuriko makubwa yakaufunika mji. Mnamo Septemba watu hao wanne walikabidhiwa kwa Wajapani.

Waliondoka lini?

Agosti 1940, baada ya Ufaransa kuanguka, Uingereza ilitangaza kuondoa askari wake Shanghai, Tianjin na Beijing. Batalioni ya pili ya East Surrey ilikwenda Malaya, ambako Desemba 1941 ilipata hasara kubwa kiasi kwamba mabaki yake yaliunganishwa na ya kikosi kingine cha Uingereza, cha Leicestershire, kuwa kikosi kimoja. Hong Kong ilibaki, ikaanguka siku ya Krismasi ya 1941, na wengi wa walionusurika wakafungwa Sham Shui Po, katika vibanda vya kambi yao wenyewe, safari hii bila mtu wa kuwasugulia buti wala wa kuchemsha maji.

Kuna uhusiano wowote na askari wa Afrika Mashariki?

Askari wa King's African Rifles hawakupelekwa China. Walikutana na masalia ya jeshi la Uingereza lililokuwa China mahali pengine. Batalioni ya kwanza ya Seaforth Highlanders, iliyokuwa Shanghai hadi 1940, ilipigana mpakani mwa India na Burma katika divisheni ya 23 ya India, na ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), iliyoipokea nafasi divisheni hiyo Tamu mwaka 1944 na kuendelea na mapigano ndani ya bonde la Kabaw.

Ni majengo gani yanayoweza kuonwa leo?

Godauni la Sihang ni makumbusho, na kuta zake zimehifadhiwa na matundu ya makombora. Uwanja wa Minyuan upo, umejengwa upya. Sehemu ya kambi ya Victoria ni bustani ya umma ya Hong Kong. Jengo la maafisa la kambi ya Murray lilibomolewa mwaka 1982 kupisha mnara wa benki, kila jiwe likapewa namba, na miaka mingi baadaye likasimamishwa upya kando ya bahari huko Stanley, ambako watu hulipitia wakienda kutembea ufukweni.